Grese katika viungo vya motokari: linda gurudumu, linda na kidole



Katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya malaria, maji safi ya kunywa, kofia ya kazi na viatu vya usalama. Mara hii tutasema juu ya grese. Pengine utauliza: "Msaidizi wa mganga anatafuta nini chini ya motokari? Kazi hiyo si ya garaje?" Jibu ni hili: motokari isiyotiwa grese inaleta watu hospitalini, na mtu anayetia grese bila uangalifu anajileta hospitalini yeye mwenyewe. Njia zote mbili zinafika mlangoni petu.

Somo hili ni kwa mashofere na mafundi wa kampani. Ni pia kwa kila ndugu aliye na motokari yake nyumbani, anayelala chini yake siku ya posho ao siku ya Mungu, na watoto wanamzunguka. Msome pamoja na mwenzako wa kazi, kwa sababu kazi hii haifai kufanywa na mtu mmoja peke yake.

I. KIUNGO NI NINI?

Tazama mwili wako. Goti linakunja na kunyosha mguu. Nyonga inaacha mguu uende mbele, nyuma na kando, kwa sababu kichwa cha mfupa wa paja ni cha mviringo na kinakaa ndani ya kikombe cha mfupa. Kati ya mifupa kuna ute unaoteleza. Ute ukipunguka na gegedu likilika, mifupa inasagana, mtu anaanza kuchechemea.

Motokari imetengenezwa namna hiyo hiyo. Rotuli za usukani ni kama nyonga: mpira wa chuma ndani ya kikombe. Kardani ni msalaba mdogo wa chuma wenye mikono minne, na kila mkono unakaa ndani ya kikombe chenye sindano nyembamba za chuma zinazobingirika. Kwa njia ya kardani, nguvu ya injini inapita toka sanduku la vitesi mpaka ekseli, ambayo mafundi wetu huita ponti, hata kama ekseli inapanda na kushuka juu ya mashimo.

Jina lenyewe la kardani linatoka kwa mganga. Girolamo Cardano alizaliwa Italia mwaka 1501, akafa mwaka 1576. Alikuwa mganga na mwalimu wa hesabu, tena aliandika juu ya vyombo vya namna hii. Basi usishangae ukiona watu wa dispansere wanapendezwa na viungo vya chuma.

Lakini kuna tofauti moja kubwa. Mwili unajitengenezea ute wake wenyewe, usiku na mchana. Motokari haijitengenezei kitu. Ute wake ni grese, na grese hiyo inatoka katika mkono wako. Usipotia, hakuna mwingine atakayetia.

II. SABABU GANI GRESE INAISHA?

Tufanye hesabu. Gurudumu la Land Cruiser ya kazi huzunguka karibu mara 400 katika kilometa moja. Fimbo ya kardani inazunguka karibu mara 4 kwa kila zunguko moja la gurudumu, ni kusema karibu mara 1,600 kwa kilometa. Toka Lubumbashi mpaka Kolwezi, kwa kupitia Likasi, ni karibu kilometa 300. Katika safari hiyo moja kardani imezunguka karibu mara 480,000. Na zile sindano ndogo hazizunguki duara nzima. Zinakwenda na kurudi pale pale, zinagonga mahali pamoja. Polepole zinasukuma grese pembeni, chuma kinabaki kikavu.

Ongeza vumbi letu. Kati ya mwezi wa tano na mwezi wa tisa, njia za udongo za Katanga ni vumbi jekundu tupu. Vumbi likichanganyika na grese, linakuwa kama msasa. Kisha mvua inakuja, motokari inavuka madimbwi na vijito. Kardani iliyo moto inaingia ndani ya maji baridi. Maji yanapenya chini ya mipira ya kuzuia na kutu inaanza. Kwa hiyo motokari ya mine inataka grese mara nyingi kuliko motokari ya mji inayopita juu ya lami.

III. MOTOKARI INAPOLIA, SIKILIZA

Mgonjwa huja na kusema: "Ninaumwa hapa." Motokari nayo inasema, lakini kwa lugha yake. Jifunze lugha hiyo:

1. Mlio mwembamba kama wa ndege, unaoenda pamoja na mwendo wa gari polepole: kardani ni kavu.

2. Kishindo cha chuma unapotia vitesi ya kwanza ao ya nyuma: kardani imelika, ina nafasi.

3. Mtetemeko chini ya kiti, unaozidi mwendo unapozidi: msalaba umelika, ao fimbo imepinda, ao bulo zimelegea.

4. Usukani unacheza mkononi bila magurudumu kugeuka: rotuli zimechoka.

5. Katika motokari ndogo zinazovutwa na magurudumu ya mbele, sauti ya tak-tak-tak unapokata kona kali: kiungo cha gurudumu kimelika, mara nyingi kwa sababu kifuko chake cha mpira kimepasuka na grese imerushwa nje.

Shofere mwingine anaongeza sauti ya redio ili asisikie. Huyo ni kama mgonjwa anayekunywa dawa ya maumivu kila siku na hataki kujua ugonjwa wake. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Msalaba wa kardani ukikatika, fimbo nzima inaanguka ikiwa inazunguka. Ikiangukia upande wa mbele, inaweza kuchoma ardhini na kuinua gari. Ikiwa inapiga juu, inaweza kutoboa sakafu ao kukata bomba la freni. Rotuli ya usukani ikitoka mahali pake, gurudumu moja linafuata njia yake lenyewe, na shofere hana tena neno la kusema. Nyuma ya gari kuna watu wanane waliotoka posti ya usiku, wamesinzia.

IV. KABLA YA KUINGIA CHINI

Sasa tushike kazi. Jambo la kwanza ni mahali pa kusimamisha gari. Motokari inapita kilo 2,000, na mwili wa mtu hauwezi kushindana nayo.

1. Simama juu ya ardhi ngumu iliyo sawa sawa. Si juu ya mchanga, si juu ya mteremko.

2. Zima injini. Weka ufunguo mfukoni mwako, si mahali pake. Mwenzako akija anaweza kuwasha bila kujua kwamba uko chini.

3. Vuta freni ya mkono. Weka vigingi vya mbao mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini.

4. Inua kwa kriki, lakini usiingie chini ya gari lililobebwa na kriki tu. Kriki ni ya kuinua, si ya kushikilia. Mpira wake mdogo wa ndani ukipasuka, gari linashuka kwa nukta moja. Weka shandeli, ndiyo viti vya chuma vyenye miguu, chini ya ekseli. Kisha sukuma gari kwa mkono uone kama limetulia.

5. Usitumie matofali ya sementi. Tofali linabeba, linabeba, kisha linavunjika mara moja bila kutoa habari. Kama huna shandeli, acha gari chini. Land Cruiser iko juu ya kutosha: kardani zake unaweza kuzifikia magurudumu yote yakiwa ardhini.

6. Vaa miwani ya kazi. Ukiwa umelala chali, kila kipande cha tope kikavu kinaangukia jichoni.

7. Fukuza watoto. Wasiwe ndani ya gari, wala karibu na kriki.

Na kama, pamoja na yote, gari limemwangukia mtu? Usimvute. Ukimvuta unaweza kumkata na kumvunja zaidi. Inua gari kwa kriki nyingine ao kwa nguvu za watu, tia shandeli, ndipo umtoe. Kama gari limekalia kifua, hawezi kuvuta pumzi, kwa hiyo inua upesi. Hakuna wakati wa kungoja. Kama limekalia mguu, mtume mtu aite wauguzi na tazama saa. Tutakuuliza: "Alibanwa kwa muda gani?" Jibu hilo linasaidia mganga kujua hatari iliyo ndani ya damu ya mtu huyo.

V. KUKAGUA

Usitie grese mbele ya kukagua. Grese mpya inaficha ugonjwa, kama vile poda inavyoficha upele.

a) Kardani. Shika fimbo kwa mkono mmoja upande huu wa msalaba, na mkono wa pili upande ule. Jaribu kuzipinda kinyume. Hakuna kitu kinachotakiwa kucheza. Kikicheza, hata kidogo, msalaba unabadilishwa. Grese haiwezi kurudisha chuma kilicholika. Tazama vikombe vinne. Ukiona unga mwekundu, panguza, endesha siku moja, kisha tazama tena. Vumbi la njia linakaa kila mahali. Kutu inatoka chini ya kikombe tu, na inarudi pale pale. Kutu hiyo ni alama ya sindano zilizokauka. Kagua na bulo zote zinazofunga fimbo.

b) Gurudumu la mbele. Likiwa limeinuliwa na ekseli iko juu ya shandeli, lishike juu na chini, ulitikise. Kisha lishike kushoto na kulia, ulitikise. Likicheza juu na chini, mwambie mwenzako akanyage freni ya mguu, nawe tikisa tena. Nafasi ikipotea, ni rulema za gurudumu zinazotaka kukazwa ao kubadilishwa. Nafasi ikibaki, ni vipini ambavyo gurudumu linageukia. Likicheza kushoto na kulia tu, tazama rotuli za fimbo za usukani.

c) Rotuli. Gari likiwa chini, mwenzako ageuze usukani kidogo kidogo, kushoto na kulia. Wewe tazama kila rotuli. Fimbo mbili zinatakiwa kwenda pamoja. Moja ikitangulia na nyingine ikifuata nyuma, rotuli imekwisha. Usitie kidole chako katikati ya fimbo wakati mwenzako anageuza. Mseme kwa sauti: "Geuza!" na "Simama!"

d) Mpira mkubwa wa ekseli ya mbele. Katika Land Cruiser ya ekseli nzima, nyuma ya kila gurudumu la mbele kuna kichwa cha mviringo cha chuma. Kiungo cha gurudumu kinakaa ndani yake. Ukiona utando mwembamba wa grese juu yake, ni vizuri. Ukikuta uji mwepesi mweusi unatiririka mpaka gurudumuni, ujue oili ya ekseli imevuka mpira wa kuzuia na imeyeyusha grese. Hapo kutia grese zaidi ni kazi bure. Peleka garaje, hasa kwa sababu oili hiyo inaweza kufika katika freni.

e) Vifuko vya mpira. Vifinye kwa vidole, uvikunjue. Ufa mdogo leo ni tundu kesho. Kifuko kinagharimu kidogo. Kiungo kinagharimu mara nyingi zaidi.

Na ukifungua gurudumu, usipulize vumbi la freni kwa upepo wa kompresa. Freni za zamani zinaweza kuwa na amianti, na vumbi la amianti linaua mapafu baada ya miaka mingi. Panguza kwa kitambaa chenye maji.

VI. KUTIA GRESE

1. Chagua grese inayoandikwa katika kitabu cha gari. Kwa kardani, kwa kawaida ni grese ya liti, namba 2. Kwa kiungo kilicho ndani ya mpira wa ekseli, kitabu kinataka ile nyeusi yenye molibdeni. Usichanganye kila kopo unalolikuta; grese nyingine zikikutana zinageuka maji.

2. Panguza kila chuchu ya grese mpaka ing'ae. Ukitia bila kupanguza, unasukuma mchanga ndani kwa mkono wako mwenyewe.

3. Bana mdomo wa pompi juu ya chuchu, sawa sawa, si upande upande. Pompa polepole. Katika msalaba wa kardani, simama ukiona grese mpya inatokea katika vikombe vyote vinne. Kikombe kimoja kikibaki kikavu, njia yake imeziba. Msalaba huo uangaliwe na fundi.

4. Katika sehemu ya fimbo inayoteleza, tia kidogo tu. Ukiijaza kupita kiasi, grese inakosa pa kwenda, na fimbo inakosa nafasi ya kurudi ndani ekseli inapopanda.

5. Chuchu ikiwa upande wa juu na hufiki, toka chini kabisa. Ondoa vigingi, sogeza gari kidogo ili fimbo igeuke, weka vigingi tena, ndipo uingie. Usimwambie mwenzako asogeze gari nawe umelala chini.

6. Rotuli zenye chuchu, tia mpaka kifuko kianze kuvimba kidogo, basi. Ukiendelea kinapasuka. Rotuli zisizo na chuchu zimefungwa tangu kiwanda. Hizo unazikagua tu.

7. Panguza grese iliyobaki nje. Inavuta vumbi.

8. Andika katika daftari la gari: tarehe, kilometa, viungo ulivyotia, na kitu ulichoona. Mwenzako wa posti nyingine asipoona maandiko, atafikiri umetia, nawe utafikiri ametia yeye, na kardani inabaki kavu.

Mara ngapi? Fuata kitabu cha gari kwanza. Kwa motokari inayokaa katika vumbi na tope, kilometa 5,000 ni kipimo kizuri cha kardani. Hizo ni karibu safari nane za kwenda na kurudi kati ya Lubumbashi na Kolwezi. Gari likizama maji mpaka kardani, usingoje kilometa: tia grese ndani ya siku moja, ili grese mpya isukume maji nje. Kutazama kwa macho na kushika kwa mkono, fanya kila juma.

VII. TUNDU DOGO LINALOKATA KIDOLE

Hapa ninaomba usome polepole, kwa sababu watu wengi hawajui jambo hili, hata mafundi wenye miaka mingi ya kazi.

Gurudumu la gari lina upepo wa bari 2 ao 3. Bari 7 zinatosha kutoboa ngozi ya mtu. Na pompi ya grese ya mkono, ile ya kawaida, inaweza kufikisha bari 350 na zaidi. Chuchu ikiwa imeziba, nguvu hiyo yote inatafuta mahali pa kutokea. Inatoka pembeni ya mdomo wa pompi, ao katika ufa wa bomba lake la mpira, nyembamba kama sindano. Kidole chako kikiwa hapo, grese inaingia ndani ya nyama na kukimbia kando ya mishipa ya kukunjia vidole, wakati mwingine mpaka kiganja.

Ubaya wake ni huu: mwanzoni haumi sana. Unaona tundu dogo kama la mwiba, pengine tone moja la damu na grese kidogo. Unapanguza, unaendelea na kazi. Tuseme ni siku ya posho mchana. Jioni kidole kimevimba, kimekuwa cheupe ao cha rangi ya bluu, unasikia ganzi. Usiku maumivu yanazuia usingizi. Siku ya Mungu unaweka maji ya moto na majani. Siku ya kwanza ya kazi unakuja dispansere, na kidole ni cheusi. Siku hiyo mganga hasemi tena juu ya kukisafisha. Anasema juu ya kukikata.

Jeraha la namna hii si geni. Mwaka 1937 madaktari waliandika habari za mafuta ya injini ya dizeli yaliyopenya nyama ya mtu kwa nguvu. Mwaka 2006 madaktari walikusanya habari za wagonjwa zaidi ya 400 waliotobolewa mkono na grese, mafuta, rangi na vitu vingine vya pompi: karibu 30 katika kila 100 walikatwa sehemu ya mkono, zaidi sana kidole. Dawa ni moja: kupasuliwa upesi na kusafishwa ndani, vizuri ndani ya saa 6.

Basi ukitobolewa, fanya hivi:

– Acha kazi mara moja, hata kama huoni maumivu.
– Vua pete na saa ya mkono kabla ya uvimbe.
– Nawa kwa maji na sabuni, funika kwa kitambaa safi, inua mkono juu ya moyo.
– Usikamue. Usipasue kwa wembe. Usifunge kamba. Usitie maji ya moto wala barafu.
– Usile wala usinywe, kwa sababu pengine utalazwa usingizi wa kupasuliwa.
– Njoo hospitalini, na kopo la grese ulilolitumia. Mganga anataka kujua ni kitu gani kimeingia.
– Sema maneno haya: "Nimetobolewa na pompi ya grese." Usiseme tu: "Nimechomwa kidogo." Ukisema hivyo, hata muuguzi anaweza kukupa bendeji na kukurudisha nyumbani.
– Kumbuka tarehe yako ya mwisho ya sindano ya pepopunda.

Wengine husema ajali haina kinga. Hii ina kinga. Usishike mdomo wa pompi kwa vidole wakati wa kupompa. Usijaribu pompi juu ya kidole chako, wala usielekeze kwa mtu kwa mchezo. Kagua bomba la mpira. Likiwa na ufa, litupe, usilifunge kwa utepe. Chuchu ikikataa kuingiza grese, usiongeze nguvu. Ifungue, isafishe kwa mazutu, ao weka mpya. Chuchu mpya haiwezi kulinganishwa na bei ya kidole.

VIII. NGOZI BAADA YA KAZI

Kazi imekwisha, mikono ni myeusi. Wengi wanachukua esanse na kunawa nayo. Ni kweli kwamba esanse yenye risasi iliacha kuuzwa kwa motokari katika dunia nzima mwaka 2021. Lakini esanse ya leo bado ina benzini, na benzini inaharibu damu. Tena esanse inaondoa mafuta ya ngozi. Ngozi inakauka, inapasuka, na oili chafu inaingia katika nyufa. Hivyo unaanza upele wa mikono usioisha.

Paka mikono mafuta ya kupikia kidogo, ao sukari na sabuni ya maji, sugua, kisha nawa kwa sabuni na maji mengi. Paka mafuta ya ngozi. Usile mkate na mikono ya grese. Usiweke kitambaa chenye oili mfukoni mwa suruali: oili iliyotumika ina vitu vinavyoleta kansa ya ngozi, na pale mfukoni inagusa ngozi laini siku nzima. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, si pamoja na nguo za mtoto mchanga.

IX. MASWALI

Jibu bila kutazama juu. Ukishindwa, soma tena.

1. Kriki ni ya kuinua ao ya kushikilia?
2. Sababu gani ufunguo wa gari unakaa mfukoni mwako?
3. Utatambua namna gani kutu ya kardani na vumbi la njia?
4. Kardani imevuka maji leo. Utaitia grese lini?
5. Mwenzako ametobolewa kidole na pompi. Anacheka, anasema si kitu. Utafanya nini?

Swali la tano ndilo kubwa. Jibu lake: utamkamata mkono mwingine, ulio mzima, na utamleta kwetu saa ile ile. Akikukasirikia njiani, si neno. Atakushukuru mwezi ujao, atakapofunga bulo kwa vidole vyake vyote kumi.